Sauti Yake, Mali ya Lebo: Jinsi Wasanii Walivyoanza Kurudi Studio Kurekodi Upya Nyimbo Zao

Tarehe 21 Desemba 2018, siku moja baada ya kutimiza miaka 28, mwanadada wa Kimarekani JoJo aliachia albamu mbili kwa mpigo. Mashabiki walizipokea kwa shangwe, lakini ukiangalia orodha ya nyimbo ulikuwa unakutana na majina yale yale ya zamani. Albamu ya kwanza, iliyobeba jina lake mwenyewe, ilitoka mara ya kwanza 2004. Ya pili, The High Road, ilitoka 2006. Dada alikuwa amerudi studio kuimba upya ngoma alizoziimba akiwa mtoto wa shule, wimbo baada ya wimbo, ila safari hii kwa sauti ya mtu mzima.

Sasa jiulize mdau, msanii mwenye akili zake timamu anarudiaje kazi ya miaka 14 nyuma badala ya kutoa mpya? Jibu ni kwamba zile albamu mbili zilikuwa hazipatikani Spotify wala Apple Music. Shabiki aliyetaka kuzisikia kihalali alitakiwa awe na sidii yake ya zamani. Mwenye mali hakuwa ameziweka huko, na mwenye mali hakuwa JoJo.

Karatasi za watu wazima, saini ya mtoto

JoJo, jina kamili Joanna Levesque, alisaini na Blackground Records akiwa na miaka 12. Hii haikuwa lebo ya uchochoroni. Ilianzishwa 1993 na Barry Hankerson, mjomba wake Aaliyah, na nyimbo nyingi kali za Aaliyah zilitokea hapo. Kwa familia yoyote ya kawaida, mtoto kuitwa na watu kama hao ni bahati ya mtende.

Na mwanzoni ilikuwa bahati kweli. Mwaka 2004 "Leave (Get Out)" ilipanda hadi namba 1 kwenye chati ya Billboard ya redio za pop. JoJo alikuwa na miaka 13, na hakuna mwimbaji wa peke yake mwenye umri mdogo kuliko huo aliyekuwa amewahi kukaa kileleni pale. Mwaka 2006 "Too Little Too Late" ikafika namba 3 kwenye Hot 100, chati kubwa ya Marekani.

Baada ya hapo mambo yakaganda. Albamu ya tatu ikawa inaahirishwa mwaka hadi mwaka. Lebo ikawa na matatizo ya usambazaji, na mkataba haukumruhusu JoJo kwenda kutoa albamu kwingine. Ili asisahaulike akawa anaachia mikstepu za bure mtandaoni, 2010 na 2012. Hebu fikiria, mtu ana hiti mbili kubwa, sauti ipo, mashabiki wapo, ila anagawa muziki bure kwa sababu karatasi aliyosaini utotoni bado inamshika.

Mwaka 2013 alienda mahakamani New York. Hoja yake ilikuwa kwamba mkataba uliosainiwa na mtoto ulipaswa uwe umeisha baada ya miaka 7. Mwanzoni mwa 2014 alikuwa huru na akasaini na Atlantic, ambako albamu yake Mad Love ilitoka 2016. Mwaka uliofuata akaondoka na kuanzisha lebo yake, Clover Music, kwa ushirika na Interscope.

Lakini uhuru huo ulikuwa na tundu. JoJo alitoka yeye, nyimbo zikabaki.

Wimbo mmoja, mali mbili

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, na ndipo wasanii wengi wanapopigwa. Wimbo mmoja unaousikia kwenye simu una mali mbili ndani yake.

Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi. Hii ni ya waliotunga na kampuni inayowasimamia. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio siku ile. Wenye lebo wanaiita masta, na mara nyingi ni ya aliyelipia studio, ambaye ni lebo.

Chukulia fundi cherehani. Mshono uko kichwani kwake, lakini gauni alilolishona ni la mteja aliyeleta kitambaa na kulipia. Fundi hawezi kwenda kumvua mteja gauni lile. Anachoweza ni kununua kitambaa kingine akashona gauni jipya la mshono ule ule. Kurekodi upya ndiyo hiyo. Hugusi gauni la mtu, unashona la kwako.

Utauliza, na kama mshono wenyewe si wako? "Leave (Get Out)" haikutungwa na JoJo, ilitungwa na watu wengine kabisa. Hapo sheria ya Marekani ina mlango wake wa zamani sana. Sheria ya hakimiliki ya 1909 ilisema kwamba wimbo ukisharekodiwa na kusambazwa kwa ruhusa ya mtunzi, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi, mradi amlipe mtunzi kiwango kilichowekwa. Enzi hizo kilikuwa senti 2 kwa nakala, na kilichowatia watu hofu kilikuwa zile karatasi za matundu zilizokuwa zikipigisha piano zenyewe, kwamba kampuni moja isije ikahodhi muziki wote. Kufikia 2018, JoJo aliporudi studio, kiwango kwa nakala ya wimbo wa kawaida kilikuwa senti 9.1. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya piano ndio huo huo anaopita msanii wa leo anayetaka kurudia wimbo wake mwenyewe.

Kilichobaki ni kizuizi kimoja tu, na hicho kipo kwenye mkataba. Lebo nyingi zinaweka kipengele kinachomkataza msanii kurekodi tena nyimbo zile zile kwa muda fulani. Kwa miaka mingi kawaida ilikuwa kama miaka 5 tangu wimbo utoke, au miaka 2 baada ya mkataba kuisha, kutegemea ni upi unachelewa zaidi. Muda ukipita, msanii yuko huru kurudi studio.

Kabla ya JoJo kuzaliwa

Watoto wa 2000 wanadhani mchezo huu ulianzishwa na Taylor Swift. Hapana. Babu zetu walishaucheza.

Miaka ya 1950 kulikuwa na ndugu wawili, Don na Phil Everly. Walipiga hiti juu ya hiti wakiwa na lebo ndogo iliyoitwa Cadence. Mwaka 1960 wakahamia Warner Bros, na Cadence ikabaki na rekodi zote. Mwaka 1964 Warner wakatoa albamu ya "nyimbo bora" za Everly Brothers, ila hiti za Cadence zilizokuwemo zilikuwa zimerekodiwa upya. Aliyenunua bila kusoma jalada vizuri angeweza kudhani ananunua zile zile. Na mwaka huo huo Cadence ilipofungwa, rekodi zake zilinunuliwa na Andy Williams, mwimbaji mwenzao aliyekuwa lebo hiyo hiyo, kwa sababu alitaka kumiliki za kwake. Kwa maana hiyo rekodi za Everly zikawa mali ya mwimbaji mwenzao. Dunia hii!

Frank Sinatra naye alipoanzisha lebo yake ya Reprise, 1960, aliacha nyuma rekodi nyingi za Capitol. Mwaka 1963 akatoa albamu ya Sinatra's Sinatra, ambamo aliimba upya nyimbo zake za zamani. Chuck Berry, aliyehamia Mercury 1966, alifanya hivyo hivyo na mwaka uliofuata ikatoka Golden Hits. Hapo kwa Berry ndipo palipoonekana upande wa pili wa shilingi. Wapenzi wengi wa rock wanaona zile za kwanza, za lebo ya Chess, zina moto ambao haukurudi. Gitaa lile lile, mtu yule yule, ila siku ile ya kwanza studio hairudiwi.

Halafu akaja Prince. Miaka ya 1990 aligombana na Warner mpaka akaandika neno "mtumwa" shavuni kwa Kiingereza na kubadilisha jina lake kuwa alama isiyosomeka. Alijua kabisa kwamba karne inapoelekea ukingoni, kila disko duniani lingepiga wimbo wake "1999", uliotoka 1982. Kwa hiyo mwaka 1999 ulipoanza akatoa toleo lake kupitia lebo yake, NPG. Warner nao walikuwa bado na lile la 1982 dukani. Ikawa ni wimbo mmoja, milango miwili ya duka, na pesa inategemea mteja kaingia upi. Ilimchukua Prince hadi 2014 kufikia makubaliano na Warner yaliyompa tena mamlaka juu ya rekodi zake za zamani.

Bendi ya Def Leppard ya Uingereza ikaongeza ujanja mwingine. Walikuwa wanagombana na Universal kuhusu malipo ya mauzo ya mtandaoni, na nyimbo zao zikawa haziuzwi huko. Mwaka 2012 wakarekodi upya "Pour Some Sugar on Me" na "Rock of Ages", wakihangaika kuiga kila mlio wa zamani. Mwimbaji wao Joe Elliott mwenyewe aliziita za kughushi, kwa utani wa kujivunia. Lebo ikaona wateja wanapata mbadala. Mwaka 2018 wakakubaliana na katalogi ya zamani ikaingia mtandaoni.

Hapo ndipo somo la kwanza lilipokaa wazi. Rekodi mpya haihitaji kuishinda ya zamani kwa uzuri. Inatosha ikiwa ni nzuri kiasi cha kumfanya mwenye ile ya zamani akae mezani.

Remmy na ile redio moja

Kwetu Tanzania kurekodi upya kulikuja kwa njia nyingine. Enzi za dansi, bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam. Inaingia studio, inapiga, na tepu inabaki maktaba ya redio. Redio ikipiga, jina la bendi linakua na ukumbi unajaa wikiendi. Pesa ya mwanamuziki ilikuwa mlangoni mwa ukumbi, kwenye tepu hakuwa na chake cha kuuza.

Remmy Ongala alipita njia hiyo na Orchestra Super Matimila. Mwaka 1989 lebo ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu yake ya Songs for the Poor Man, na baadhi ya nyimbo zilizokuwemo wapenzi wa Matimila walikuwa wanazijua siku nyingi. Hapa hapakuwa na ugomvi wa mahakamani. Ila angalia kilichotokea. Zile nyimbo ziliondoka kwenye tepu ya redio ya nchi moja zikaingia kwenye rekodi inayouzwa dukani Ulaya, yenye jina la Remmy juu ya jalada. Sababu iliyowezesha ni ile ile ya fundi, kwamba mshono ulikuwa wake, kwa hiyo alipoletewa kitambaa kizuri alishona upya.

Binti wa Nashville na mashabiki wake

Taylor Swift alijiunga na Big Machine ya Nashville akiwa na miaka 15 na kuifanyia albamu 6. Alipoondoka 2018 kwenda Republic, chini ya Universal, rekodi zote 6 alizifanya akaziacha. Juni 2019 Big Machine ikauzwa kwa kampuni ya Scooter Braun, kwa bei iliyotajwa kuwa dola milioni 300 hivi, na Swift akasema hadharani kwamba hakupewa nafasi ya haki ya kuzinunua. Mwaka 2020 zikauzwa tena, kwa kampuni ya uwekezaji ya Shamrock.

Hakuwa na ubavu wa kuzuia mauzo hayo. Alikuwa na vitu vitatu ambavyo Everly hawakuwa navyo kwa pamoja. Nyimbo zile alizitunga au kushiriki kuzitunga zote. Kipengele cha kukataza kilikuwa kinaisha Novemba 2020 kwa albamu 5 za kwanza. Na alikuwa na jeshi la mashabiki wenye simu mkononi.

Fearless toleo lake ilitoka Aprili 2021, Red ikafuata Novemba, kisha Speak Now Julai 2023 na 1989 Oktoba 2023. Hiyo ya 1989 ilipata zaidi ya uniti milioni 1.6 Marekani wiki ya kwanza, wakati ile ya awali mwaka 2014 ilianza na milioni 1.29 hivi. Nakala ikaizidi asili. Pia kwa kuwa alikuwa na kauli kwenye utunzi, tangazo au filamu ikiomba wimbo wa zamani aliweza kugoma upande wa utunzi, halafu akawaelekeza kwenye rekodi yake. Gauni la zamani likawa linaning'inia dukani, watu wanapita.

Tarehe 30 Mei 2025 alitangaza kwamba amezinunua zote 6 kutoka Shamrock. Na akaeleza kwamba albamu ya Reputation hakuwa amerekodi upya hata robo yake. Hakukuwa na haja tena.

Na JoJo je?

Hadithi ya Taylor ni tamu, ndiyo maana inasimuliwa kila mahali. Ya JoJo ndiyo inayofanana na maisha ya wasanii wengi.

Yeye hakuwa na mamilioni ya kununua chochote wala mashabiki wa kujaza viwanja. Alichokuwa nacho ni sauti, sheria ya 1909, na watu waliokuwa wakimuuliza kila siku mbona nyimbo zake hazipo. Akatengeneza. Kwa mara ya kwanza kijana aliyezaliwa 2004 aliweza kubonyeza "Leave (Get Out)" kwenye programu ya muziki, na rekodi aliyoisikia ilikuwa ya JoJo, imetolewa na lebo ya JoJo.

Kisha 2021 Blackground ikarudi upya, ikaingia ubia na kampuni ya Empire, na katalogi iliyokuwa imefungiwa miaka yote ikaanza kuachiwa mtandaoni. Agosti ile Aaliyah akarudi na One in a Million. Zile rekodi za zamani za JoJo nazo zikarudi. Sasa kuna matoleo mawili, yule wa miaka 13 na yule wa miaka 28, yamekaa bega kwa bega, na kila shabiki anayebonyeza anachagua bila kujua kwamba anachagua nani alipwe.

Wapo wanaosema basi kazi yake ilikuwa ya bure. Hapana. Kama asingerekodi upya, kwa karibu miaka mitatu nyimbo zake zisingekuwepo popote, na zingerudi siku mwingine anapoamua. Lakini ukweli mwingine nao usifichwe. Kurekodi upya hakukurudishii cha zamani. Kunakupa kipya chenye jina lile lile, halafu unaanza kugombea masikio ya watu na wewe mwenyewe wa zamani. Na wewe wa zamani ana silaha kali, kumbukumbu za watu. Aliyelia na wimbo ule 2004 anataka ile sauti ya kitoto.

Lebo zimeamka

Wenye lebo hawakukaa wakipiga makofi. Baada ya mafanikio ya Taylor, majarida ya biashara ya muziki Marekani yaliripoti 2023 kwamba lebo kubwa zimeanza kudai muda mrefu zaidi kwenye mikataba mipya, miaka 10, 15, hata 30. Binti wa miaka 18 akisaini cha miaka 30 leo, atarudi studio akiwa na wajukuu.

Na hapa ndipo inapotuhusu. Harmonize alipoondoka WCB Wasafi 2019, alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500, suala la haki za nyimbo zake likiwemo, na kwamba ilibidi auze baadhi ya mali zake. Kila msanii chipukizi aliyesikia aliguna. Lakini wangapi kati ya walioguna wanaweza kusema rekodi za kwao ni za nani?

Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitaja mali zote mbili kwa jina lake lenyewe, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki inagusa waimbaji, waliorekodi na watangazaji. Maneno hayo mawili kijana anayapita bila kuyasoma, anakimbilia kwenye gari na nyumba ya kupangishiwa.

Anayesaini kesho ana mambo machache ya kuuliza kabla kalamu haijagusa karatasi. Rekodi itakuwa ya nani, na kwa miaka mingapi? Kama ni ya lebo, nitaruhusiwa kurekodi tena baada ya muda gani? Maneno na melodi zimeandikwa kwa jina la nani COSOTA? Na prodyuza aliyetengeneza biti, tuliandikiana wapi? Hilo la mwisho linaumiza wengi, kwa sababu wimbo wa Bongo Fleva mara nyingi unazaliwa usiku mmoja studio, watu watatu chumbani, hakuna hata karatasi.

JoJo hakuuliza. Alikuwa na miaka 12, na wakubwa walikuwepo. Ilimgharimu kwenda mahakamani, lebo tatu na miaka 14 mpaka kuimba tena "Leave (Get Out)" akiwa na jina lake kwenye umiliki.